Puri: Hekalu na Barabara Yake

Katika mahekalu mengi ya Wahindu, sanamu kuu iliyo katika chumba cha ndani haisogezwi. Ikishasimikwa, imesimikwa. Siku ya sherehe hutolewa sanamu ndogo ya shaba au madini mengine ikazungushwa mitaani kwa niaba yake, na ile kubwa hubaki ndani ikiwasubiri wanaokuja. Puri, mji wa pwani katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, una desturi nyingine. Kila mwaka, kati ya Juni na Julai, Jagannath mwenyewe, mungu wa hekalu la mji huo, pamoja na kaka yake Balabhadra na dada yao Subhadra, hutolewa hekaluni, hupandishwa juu ya magari makubwa ya mbao na kukokotwa na umati kwa mwendo wa karibu kilomita 3.

Anayetaka kulielewa hekalu hili asianze na mnara wake, ingawa una urefu wa takriban mita 65 na mabaharia wa Ghuba ya Bengal waliutumia kama alama ya kuwaongoza. Aanze na njia pana iliyo mbele ya lango, Bada Danda, yaani Barabara Kuu. Historia ya hekalu hili, pamoja na wafalme wake, wapishi wake, wavamizi, wakoloni na mahujaji, ni historia ya nani anapita langoni na nani anabaki nje. Lango limekuwa na masharti tangu zamani, na mengine ni makali mpaka leo. Lakini mwenye nyumba hutoka akawafuata waliozuiwa, na mimi naamini hapo ndipo ulipo uzito wa hija ya Puri.

Wanaosimulia chanzo cha hekalu huanzia msituni. Biswabasu, mkuu wa Wasabara, watu wa misitu waliohesabiwa kuwa nje ya matabaka ya Kihindu, alikuwa akimwabudu kwa siri mungu aitwaye Nila Madhava. Habari zikamfikia mfalme Indradyumna, naye akamtuma Brahmini kijana, mtu wa tabaka la makuhani, aitwaye Vidyapati, akamtafute huyo mungu. Vidyapati alikaribishwa nyumbani kwa Biswabasu, akampenda bintiye Lalita, akamwoa. Kisha akamsihi mkwewe ampeleke mahali pa ibada. Mzee alikubali kwa sharti la kumfunga macho. Kijana akaenda na mbegu za haradali, akawa anazidondosha njiani. Mvua zilipokuja zikaota, na njia ikajulikana. Mfalme alipofika na jeshi lake hakumkuta mungu. Ametoweka. Akaoneshwa ndotoni gogo litakaloletwa na bahari, na akaambiwa achonge sanamu kutokana nalo.

Hapo akatokea seremala mzee asiyejulikana atokako, akasema ataifanya kazi hiyo peke yake ndani ya chumba kilichofungwa kwa siku 21, na mtu asithubutu kufungua. Siku zikapita. Malkia Gundicha akawa hasikii tena nyundo wala patasi, akahofia mzee amekufa kwa njaa. Mlango ukafunguliwa kabla ya muda. Seremala hakuwemo, na sanamu zilikuwa nusu: vichwa vikubwa, macho ya duara yasiyo na kope, mikono iliyoishia njiani, miguu hakuna. Mfalme akaagizwa aziache hivyohivyo.

Wanahistoria wengi wanasoma humo kumbukumbu ya ibada ya watu wa msituni iliyopokewa na dini ya wafalme. Ushahidi ulio hai ni kundi la watumishi wanaoitwa Daitapati, wanaohesabiwa kuwa kizazi cha Biswabasu. Siku za kawaida makuhani wa Kibrahmini ndio wanaoendesha ibada. Lakini mungu anapougua, anaposafiri, na anapobadilishiwa mwili, Wadaitapati ndio wanaomshika, kwa kuwa wao ni jamaa zake. Nijuavyo mimi, ni vigumu kupata hekalu jingine lenye hadhi kama hii ambapo watu walioitwa wa porini wana haki ya undugu na mungu, na Brahmini hukaa kando.

Jengo tunaloliona leo lilianzishwa katika karne ya 12 na Anantavarman Chodaganga, mfalme wa nasaba ya Ganga ya Mashariki, likaendelezwa na warithi wake. Kuta mbili zinalizunguka. Malango ni manne, yakiitwa kwa majina ya simba, farasi, chui milia na tembo. Mahujaji wengi huingia kwa Lango la Simba, upande wa mashariki, mbele ya nguzo ya jiwe moja iliyohamishwa kutoka hekalu la jua la Konark katika karne ya 18. Ndani ya lango kuna ngazi 22, na wazee huinama kuzigusa moja baada ya nyingine kabla hawajapanda. Juu kabisa ya mnara kuna gurudumu la mchanganyiko wa madini manane, na kila jioni watumishi wa ukoo maalumu hukwea mpaka huko, pasipo kamba wala ngazi ya kujikinga, kubadilisha bendera.

Katika karne ya 13, mfalme Anangabhima wa Tatu alifanya jambo lililobadilisha siasa za Odisha kwa karne nyingi. Alitangaza kwamba ufalme ni wa Jagannath, na kwamba yeye ni naibu tu anayetawala kwa niaba yake. Mtu anaweza kusema ilikuwa hila ya kujipatia utii, na huenda ilikuwa hivyo pia. Lakini tangazo la namna hiyo humbana na aliyelitoa. Mpaka leo, siku ya safari ya magari, mrithi wa kiti hicho, anayeitwa Gajapati, huletwa kwa machela, hupanda kwenye kila gari na kufagia sakafu yake kwa ufagio wenye mpini wa dhahabu, huku akinyunyiza maji ya msandali. Kazi ya kufagia katika India ya matabaka ilikuwa ya watu wa chini kabisa. Mfalme huifanya hadharani, mbele ya mamia ya maelfu ya macho, na magari hayaondoki mpaka aimalize.

Jikoni ni pa kukaa kidogo, kwa sababu pengine ndipo hekalu linaposema waziwazi kuliko mahali pengine popote. Meko yake huhesabiwa kwa mamia, na wapishi wake, Wasuara, huupokea upishi kwa urithi. Kila kitu hupikwa kwa kuni, ndani ya vyungu vya udongo, na vyungu hupangwa kimoja juu ya kingine juu ya jiko moja. Waumini hushikilia kwamba chungu cha juu ndicho hutangulia kuiva. Viazi havimo, nyanya hazimo, wala pilipili za kuwasha: vyakula vingi vilivyofika India kutoka Amerika havikuwahi kupewa nafasi katika meko haya. Kuna wali, dengu, maboga, magimbi yanayoitwa saru huko Odisha, nazi, samli na vitamu vya maziwa. Chungu hutumika mara moja tu. Wafinyanzi wa mjini huleta vipya kila siku, na vilivyotumika havirudi jikoni.

Chakula hupelekwa kwanza kwa Jagannath, kisha kwa mungu wa kike Bimala, ambaye hekalu lake dogo limo ndani ya ukuta huohuo. Baada ya hapo huitwa mahaprasad, na hushushwa kwenye uwanja uitwao Ananda Bazar, Soko la Furaha. Hapo ndipo pa kutazama. Watu huketi chini, chungu kimoja kikiwa katikati, wakachota wali kwa mkono kutoka jani moja: Brahmini, mkulima, mfua nguo, mfanyabiashara wa Kolkata na mjane aliyetembea kutoka kijijini. Nje ya ukuta huo, kwa karne nyingi, Brahmini aliyekula wali uliopikwa au kuguswa na mtu wa tabaka la chini alikuwa amenajisika na alipaswa kufanya kafara. Hapa kukataa kula pamoja ndiko kunakohesabiwa dhambi. Siamini kwamba wali huo ulilivunja tabaka. Mtu alirudi kijijini kwake akakuta mipaka yote iko palepale. Lakini watu walikuwa wameshakula pamoja, na kumbukumbu ya mlo ule walirudi nayo.

Walirudi na wali wenyewe pia. Mahaprasad hukaushwa juani mpaka punje zinakuwa ngumu kama changarawe, zikafungwa katika vifuko vidogo vya kitambaa. Katika nyumba nyingi za Odisha kifuko hicho hukaa mahali pa ibada. Arusi ikifika, mwaliko wa kwanza hupelekwa kwa Jagannath. Watu wawili wakitaka kuapiana urafiki wa maisha, hulishana punje hizo. Na mtu akiwa katika pumzi za mwisho, hutiwa punje moja mdomoni pamoja na maji. Asiyeweza kwenda Puri, Puri humfikia kwa njia hiyo.

Hekalu halikuishi kwa amani siku zote. Mwaka 1568 jemadari Kalapahad, wa jeshi la sultani wa Bengal, alilivamia, na sanamu zikaharibiwa. Inasimuliwa kwamba mtu mmoja, Bisar Mohanty, aliufuata msafara wa jeshi akafanikiwa kuokoa kiini kitakatifu kilichokuwa ndani ya sanamu, na baadaye mfalme Ramachandra Deva wa Khurda akachonga sanamu mpya na kurudisha ibada. Mara nyingi baada ya hapo, kila uvamizi uliponukia, watumishi walizibeba sanamu usiku wakazificha vijijini au katika visiwa vya ziwa Chilika. Sanamu za mbao hubebeka; za jiwe zingebaki zikavunjwa.

Mwaka 1803 Waingereza waliitwaa Puri kutoka kwa Wamaratha. Kampuni yao ya India Mashariki iliona fursa. Kuanzia 1806 ilisimamia kodi ya mahujaji, na wenye fedha walilipa zaidi ili wapite kwa wepesi. Maskini walisongamana kwenye vizuizi nje ya mji. Mwaka huohuo kasisi Mskoti Claudius Buchanan alifika, na maandishi yake yakajaza Ulaya picha ya watu wanaojirusha chini ya magurudumu ya Jagannath. Vifo vilikuwepo, kwa msongamano, kwa njaa na hasa kwa kipindupindu, kilichoua mahujaji wengi njiani. Lakini kujiua kwa ibada hakukuwa desturi ya Puri. Mskoti mwingine, W. W. Hunter, aliyeichunguza Odisha kwa kina na kuchapisha kitabu chake mwaka 1872, aliona kwamba visa vya namna hiyo vilikuwa nadra, na kwamba ibada ya Jagannath huchukia kabisa damu kumwagika mbele yake. Nakiri naumia kila ninapoona picha ile ya Buchanan ikirudiwa hata sasa na watu ambao hawajauliza zaidi. Kodi yenyewe ilifutwa mwaka 1840, baada ya wamisionari kulalamika kwamba serikali ya Kikristo inachuma kwa ibada ya sanamu. Hujaji maskini alipata nafuu, ingawa haikufanywa kwa ajili yake.

Kabla ya reli kufika Puri mwaka 1897, safari kutoka Bengal ilikuwa ya majuma mengi kwa miguu. Aliyewapokea watu hao ni kuhani wa mahujaji, panda. Huuliza kijiji, huuliza ukoo, kisha hufungua daftari lake na kumwonesha mgeni jina la babu yake aliyekuja miaka 60 iliyopita, pengine na saini yake. Wapo mapanda waliowakamua mahujaji, na malalamiko juu yao ni ya siku nyingi. Hata hivyo kwa familia nyingi daftari hilo ndilo maandishi pekee ya ukoo wao.

Sasa kuhusu waliobaki nje. Katika karne ya 17 aliishi Salabega, mshairi, mtoto wa ofisa Mwislamu wa utawala wa Mughal na mama wa Kibrahmini. Alimtungia Jagannath mashairi ambayo yanaimbwa Odisha nzima hadi leo, lakini mlangoni hakuruhusiwa. Inasimuliwa kwamba mwaka mmoja alikuwa mbali wakati wa safari ya magari, akaomba asubiriwe. Gari la Jagannath likakwama barabarani, na nguvu zote za watu hazikulisogeza mpaka Salabega alipofika. Kaburi lake liko kando ya Barabara Kuu, na gari husimama hapo kila mwaka.

Katika karne ya 18, mfalme Ramachandra Deva wa Pili wa Khurda alifunga ndoa na mwanamke wa ukoo wa mtawala Mwislamu wa Cuttack, naye mwenyewe akahesabiwa kuwa ametoka katika dini. Mwenye dhamana ya hekalu akawa hawezi kuliingia. Kwa mujibu wa mapokeo, hapo ndipo ilipowekwa sanamu ya Jagannath ndani ya Lango la Simba, inayoitwa Patita Pabana, mwokozi wa walioanguka, ili mfalme aione akiwa barabarani. Ipo bado, na yeyote apitaye hapo anaweza kuiona.

Wadalit, watu waliowekwa chini ya matabaka yote, walizuiwa mpaka baada ya uhuru wa India. Mahatma Gandhi alianzia Puri matembezi yake ya kupinga ubaguzi wa matabaka mwaka 1934, na hakuingia hekaluni maadamu wao hawaingii. Mkewe Kasturba alipoingia mwaka 1938, Gandhi alisikitika sana. Wadalit sasa wanaingia. Wasio Wahindu hawaingii. Mwaka 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi naye alizuiwa, kwa kuwa alikuwa ameolewa na Mparsi, asiye Mhindu, akalitazama hekalu kutoka kwenye jengo la maktaba lililo ng'ambo ya barabara. Wapo Waodia, wenyeji wa Odisha na waumini wa dhati, wanaotaka lango lifunguliwe kwa kila anayekuja kwa heshima. Mimi niko upande wao.

Safari ya magari huanza na ugonjwa. Siku ya mwezi mpevu katika Jyestha, mwezi wa kalenda ya Kihindu, miungu hutolewa hadharani ikaogeshwa kwa vyungu 108 vya maji baridi. Kisha hushikwa na homa. Kwa takriban siku 15 mlango wa chumba chao hufungwa, hakuna anayewaona, na Wadaitapati huwauguza kwa mitishamba na matunda, kama anavyouguzwa mtu yeyote nyumbani. Sanamu hupakwa rangi upya. Mahujaji wasioweza kuvumilia huenda hekalu la Alarnath, mwendo wa kilomita 20 na ushei, wakaomba huko.

Wakati huo mafundi wanamalizia magari. Huundwa upya kila mwaka, kazi ikianza Aprili au Mei: la Jagannath lina magurudumu 16 na hufikia urefu wa mita 13 hivi, la Balabhadra 14, la Subhadra 12. Siku yenyewe miungu hutolewa kwa kuyumbishwa hatua kwa hatua, mbele na nyuma, juu ya mabega na mito, kwa ngoma na matoazi. Halafu kamba za usumba, nene kama mkono wa mtu mzima, hushikwa na yeyote anayeweza kuzifikia. Hapo haulizwi mtu tabaka wala dini. Kwa muumini, kumwona Jagannath juu ya gari na kuonwa na yale macho yasiyofumba ni kupata alichokifuata maisha yake yote. Na aliyekuwa mgonjwa, aliyezuiwa, mgeni asiyejua hata sala moja, amekipata vilevile.

Huko njiani na katika hekalu la Gundicha, mwisho wa safari, wanakokaa juma moja, kuna mambo ya nyumbani kabisa. Lakshmi, mke wa Jagannath, ameachwa. Siku ya tano humfuata mumewe kwa hasira na kuvunja kipande cha gari lake kabla ya kurudi. Ndugu watatu wakirejea, Jagannath hukuta mlango umefungwa. Watumishi wa pande mbili hubishana kwa niaba ya mume na mke, na mwisho huruhusiwa kuingia baada ya kumpelekea mkewe rasagola, vile vitamu vyeupe vya maziwa vilivyoloweshwa ndani ya shira. Watu hucheka, na wanaume waliooa hutaniwa. Magari hubomolewa, na sehemu kubwa ya mbao zake huenda kuwa kuni za jikoni.

Miili ya mbao nayo hufika mwisho. Baada ya miaka 8 hadi 19, unapoingia mwaka ambao mwezi wa Kihindu wa Ashadha hurudiwa mara mbili, hufanyika Nabakalebara, kupewa mwili mpya. Katika miaka 100 na ushei iliyopita ilifanyika 1912, 1931, 1950, 1969, 1977, 1996 na 2015. Wadaitapati huenda kwa miguu mpaka Kakatpur, kwenye hekalu la mungu wa kike Mangala, hulala humo wakingoja kuoneshwa ndotoni mti uliko. Mti ni mwarobaini, uleule tunaoupanda uani kwetu kwa dawa. Lakini lazima uwe na alama: karibu na mto na mahali pa kuchomea maiti, nyoka na kichuguu shinani, ndege asiwe amejenga kiota, na juu ya gome zionekane alama za kombe na gurudumu. Magogo huletwa Puri kwa mikokoteni, yakachongwa kwa siri.

Usiku wa kuhamisha kiini, taa za mji huzimwa. Wazee wa Wadaitapati, macho yamefungwa na mikono imezungushiwa nguo, hutoa kitu kilichomo ndani ya sanamu ya zamani na kukiweka ndani ya mpya. Ni kitu gani, hawasemi. Sanamu za zamani huzikwa katika bustani ya Koili Baikuntha, ndani ya eneo la hekalu, na Wadaitapati hukaa matanga, hunyoa nywele, huoga, kama wafiwa, kwa sababu wamefiwa.

Sheria ya mwaka 1955 iliuweka uendeshaji wa hekalu chini ya kamati, Gajapati akiwa mwenyekiti na serikali ya Odisha ikimteua msimamizi mkuu. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, Mahakama ya Juu ya India ilizuia safari ya magari, kisha siku moja kabla ikairuhusu bila umati. Magari yakakokotwa na watumishi peke yao, katika barabara tupu. Januari 2024 eneo linalozizunguka kuta lilifunguliwa likiwa limepanuliwa, na Julai mwaka huo hazina ya vito ikafunguliwa baada ya miongo mingi. Safari ya magari siku hizi hufanyika pia San Francisco, tangu 1967, na London, na hapa barani kwetu Durban. Juni 2025 watu 3 walikufa katika msongamano karibu na hekalu la Gundicha, na serikali iliwaomba radhi waumini.

Nabakalebara ijayo inatarajiwa mwaka 2034. Miarobaini mikubwa yenye alama zote inazidi kuwa adimu, na tangu mwaka 2000 jimbo lina mradi wa kupanda miti kwa ajili ya magari. Wadaitapati watakaolala Kakatpur mwaka huo wengi wao leo ni vijana, na wanafundishwa na baba na wajomba waliokwenda 2015.